Sisilia, Caro-Kann au Kifaransa: ukichezewa e4 kwenye mashindano ujibu nini?

Jumamosi, mashindano ya chesi, raundi ya tatu, umepangiwa nyeusi. Jamaa mbele yako anasukuma askari wa mfalme mpaka e4, anabonyeza saa, anaegemea kiti cha plastiki kama mtu aliyeshamaliza kazi. Una dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua, ukumbi una joto, meza ya jirani washaanza kubishana kama kipande kiliguswa au hakikuguswa, na wewe swali lako ni moja tu, unajibu nini?

Mimi nimejibu kwa njia tatu tofauti, yaani ufunguzi tatu (hatua za kwanza za gemu), ndani ya miaka kama sita hivi. Nilianza na Sisilia kwa sababu kila bingwa niliyekuwa namsikia anaicheza, nikachoka kuchapwa nikahamia Kifaransa (ukimwambia mtu nacheza Kifaransa anadhani umejiunga na kozi), na sasa nipo Caro-Kann na sidhani kama natoka leo wala kesho. Sio kwamba Caro-Kann imezishinda wenzake, hapana, weka zote tatu kwenye injini (programu ya kuchambua chesi) itakuambia zinachezeka, nyeupe ana afadhali ndogo basi. Ila injini haipandi daladala asubuhi, haina bando linaloisha katikati ya video, haijalala saa 8 usiku. Mimi nalinganisha kwa ajili ya mtu wa mashindano ya wikiendi, mwenye kazi au shule, retingi yake (namba ya kiwango chake) bado changa au hana kabisa, na anataka jioni akitoka pale awe na pointi za kuhesabu.

Majina kwanza maana kila kijiwe kina yake. Askari ni wale nane wa mbele, farasi ni farasi, askofu ni yule wa mshazari ambaye wengine wanamwita tembo, ngome ndio ile ya pembeni kabisa, halafu malkia na mfalme. Kwenye maandishi kila mraba una herufi na namba yake (e4, c5), namba ya mbele ni hatua ya ngapi, anaanza nyeupe anafuata nyeusi, N ni farasi, B askofu, Q malkia, x ni kula, na pasipo herufi kubwa ni askari. Tukishaelewana hapo twende.

Zenyewe ni zipi

Sisilia ni 1.e4 c5. Hutaki kugombana naye katikati uso kwa uso, unampiga kwa ubavu, akija na d4 unamla kwa askari wa pembeni, mwisho wa siku wewe una askari wawili wa katikati na yeye ana mmoja. Faida ya Sisilia ndio hiyo, na gharama yake ni kwamba nyeupe anakuwa keshatoa vipande vyake nje wakati wewe bado unafungua mlango.

Caro-Kann ni 1.e4 c6, halafu hatua ya pili unasukuma d5. Askari wa c6 kazi yake ni kumlinda mwenzie wa d5, ili akiliwa ulipize kwa askari na sio kwa malkia. Kifaransa ni 1.e4 e6 halafu d5 vile vile, tofauti ni nani analinda tu, ila hiyo tofauti ndogo ndio inazaa mambo yote, maana askari akikaa e6 anamfungia mlango askofu wako wa c8, na akikaa c6 askofu yuko huru ila farasi wa b8 kanyang'anywa kiti chake kizuri. Hilo la askofu lishike, nitalirudia.

Kihistoria sitakaa sana. Sisilia ni ya zamani sana, ipo kwenye maandishi ya Mtaliano Polerio ya mwaka 1594. Kifaransa kilipata jina baada ya mechi ya barua kati ya mji wa Paris na mji wa London iliyoanza 1834, Paris ndio walijibu e6 na wakashinda. Caro-Kann ni majina ya watu wawili, Horatio Caro aliyekuwa Berlin na Marcus Kann wa Vienna, waliiandikia uchambuzi 1886. Basi, hakuna mtu atakuuliza hayo ukiwa unatafuta pa kumficha mfalme.

Kusoma: Sisilia inakula bando

Sisilia sio ufunguzi mmoja, ni mtaa mzima. Kuna Najdorf, Dragon, Sveshnikov, Taimanov, Kan, Scheveningen, kila nyumba ina wenyewe na kila nyumba ina mbwa wake. Ukichagua Najdorf peke yake (1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 a6) bado mbele yako kuna nyeupe anayekuja na askofu g5, mwingine askofu e3, mwingine askofu c4, mwingine anaanza na h3 kabisa, na kila mmoja anataka jibu la kwake sio la jirani.

Kuna hadithi moja ya kweli huwa nawapa wadogo wanaotaka kuanza na Najdorf. Mwaka 1955 kule Göteborg, Sweden, kwenye mashindano ya kufuzu njia ya ubingwa wa dunia, kulikuwa na Waargentina watatu, Najdorf mwenyewe mwenye jina, Panno na Pilnik, na walikuwa wameandaa dawa yao ndani ya Najdorf, hatua ya 9 unasukuma g5. Raundi ya 14 wote watatu wakapangiwa watu wa Sovieti, Keres, Geller na Spassky, na wote watatu wakaitoa ile dawa siku moja ukumbi mmoja. Geller akakaa akafikiri akatoa kafara farasi pale e6, wenzake wakachungulia ubao wake, wakafanya vile vile. Jioni Argentina walikuwa na sifuri katika tatu. Miaka mitatu baadaye, Portorož 1958, dogo wa miaka 15 anaitwa Bobby Fischer akaingia mle mle dhidi ya Gligorić, akapeleka ngome yake h7, ikawa sare, kumbe nyeusi alikuwa anapona. Sasa fikiria, watu watatu wamekaa pamoja wakaandaa, mmoja ufunguzi umepewa jina lake, na bado walikosa hatua moja wakaenda na maji. Wewe na mimi tunaosoma kwenye simu tukisubiri foleni ya benki tunakosa ngapi?

Caro-Kann ina njia kubwa tano hivi za kujua. Akisukuma e5 mbele, akila d5 akatulia, akila d5 akaja na c4 (hiyo wanaiita Panov), akitoa farasi c3 ule e4, na wale wa f3 ambao nitawasema mbele. Ukiwa na wiki mbili za jioni jioni umeshapata cha kuanzia, na kizuri njia zote zinakuachia umbo linalofanana, askari wa c6 au wa e6 wakilinda katikati, askofu nje, mfalme salama. Kifaransa kwa hesabu kinakaribia hapo hapo, e5, kula d5, farasi c3, farasi d2, lakini ile ya farasi c3 ikiingia Winawer, yaani wewe unampeleka askofu b4, inageuka msitu, malkia wa nyeupe anaingia g7 anakula askari wako na wewe unakula wake upande wa pili na hakuna anayejua nani anafukuza nani.

Unachokikuta mezani sio kilichoko kitabuni

Hiki ndicho kilichonitoa Sisilia, na naona watu wengi wanaolinganisha hizi ufunguzi hawakisemi.

Msimu mzima nimesoma Najdorf. Nilikuwa najua mistari mpaka hatua ya 15, naisema usingizini. Mashindano yakija, gemu zilizofika hata hiyo hatua ya tano ya a6 ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Huyu anacheza 2.c3. Yule anatoa askofu c4 hatua ya pili kwa sababu ndivyo kaka yake alivyomfundisha. Mwingine anasukuma f4. Mwingine 2.Nc3 anajenga polepole kama fundi wa siku hizi. Na kila kijiwe kina mtu mmoja wa Smith-Morra, 2.d4 cxd4 3.c3, anakupa askari bure huku anatabasamu. Kwahiyo muda wote niliotumia kwenye Najdorf ulikuwa umelala kabatini, na ile c3 ambayo sikuisoma kabisa ndio ilikuwa inanipiga kila mwezi.

Haimaanishi hao wana ufunguzi bora. Askofu c4 hatua ya pili kwa mfano ni zawadi, unacheza e6, kesho yake unasukuma d5 na askofu anaanza kukimbia. Na huyo wa Smith-Morra kuna mtego mzuri sana unaitwa wa Siberia: unakula zote, unatoa farasi c6, e6, farasi f6, malkia c7, akishamficha mfalme (ile hatua ya mfalme na ngome pamoja) na kuweka malkia e2 wewe unaruka farasi g4, akikufukuza na h3 unapeleka farasi mwingine d4 katikati ya ubao, akila tu malkia wako anatua h2 na gemu imeisha. Nimeipata mara mbili na bado nikiikumbuka nacheka peke yangu. Lakini ndio hivyo, lazima uwe umesoma, na kila moja ya hizo ni somo la peke yake.

Caro-Kann hapa inapumua. Mpinzani asiyejua kitu atafanya nini dhidi ya c6 na d5? Atakula, au atasukuma, au atatoa farasi, na zote tatu ndio zile zile ulizosoma. Akitoa askofu c4 hatua ya pili wewe d5 inampiga usoni unapata zamu ya bure. Kifaransa nacho kiko hivyo hivyo, isipokuwa kina ugonjwa wake: mpinzani mwoga anakula d5 hatua ya tatu, unakula kwa e6, ubao unakuwa kioo, kushoto sawa na kulia sawa. Askofu wako aliyekuwa jela ameachiwa huru, sawa, lakini kama raundi hiyo unahitaji ushindi na mtu mwenyewe retingi yake iko chini yako, unakaa saa nzima unasukumana na ukuta. Caro-Kann ikiliwa d5 angalau unakula kwa c, askari hawafanani, kuna cha kugombania. Fischer mwenyewe akiwa na nyeupe alimpiga Petrosian hapo hapo Belgrade 1970, kwenye ile mechi ya Sovieti dhidi ya dunia nzima, kwahiyo msije mkalala mkadhani kuliwa d5 ni mapumziko.

Yule askofu wa c8

Kama umetokea kwenye Kifaransa unajua maumivu haya. Askofu wako wa miraba meupe anakaa nyuma ya askari wa e6 gemu nzima, kama mtu aliyefungiwa ndani na ufunguo upo kwa mwenye nyumba. Wajuzi wanakuambia mpitishe d7 halafu b5, au sukuma b6 umtoe a6 mbadilishane na askofu mzuri wa nyeupe, na ni kweli, ila ni hatua tatu nne na nyeupe muda huo anaandaa kukuvunjia h7. Nimepigwa ile kafara ya askofu h7 kwenye Kifaransa mpaka nikawa naiona ndotoni: askofu anakula h7 cheki, unamla, farasi g5 cheki, malkia h5, unaanza kutafuta kofia yako. Inakuja sana kwenye Kifaransa kwa sababu askari wa nyeupe aliyeko e5 anamfukuza farasi wako wa f6, yule ambaye ndiye mlinzi wa h7.

Caro-Kann askofu anatoka f5 au g4 kabla hujafunga mlango kwa e6, ndio raha yake. Ila nae ana mtego wake, na huu nausema kwa herufi kubwa kwa anayeanza: nyeupe akisukuma e5 ukatoa askofu f5 halafu yeye akacheza h4, USICHEZE e6 kwa mazoea. Atasukuma g4, unakimbilia e4, f3, unarudi g6, h5, askofu kafa. Jibu ni h5 au h6 kwanza, halafu mengine. Hiyo h4 Tal aliitumia dhidi ya Botvinnik 1961 kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, na leo watoto wanaicheza kwenye blitzi (gemu za dakika chache) kama kawaida.

Sisilia askofu huyo hana shida kabisa, na mimi hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu kidogo.

Ukisahau hatua, unalipa kiasi gani?

Watu wanasema Caro-Kann ni salama. Ni salama kuliko Sisilia, ndio, lakini usalama una sehemu zake. Tarehe 11 Mei 1997, New York, gemu ya sita na ya mwisho, Garry Kasparov dhidi ya kompyuta Deep Blue, mechi iko sare. Kasparov aliyekuwa anajulikana zaidi kwa Sisilia, siku hiyo kaamua kutulia, kacheza Caro-Kann. 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7 5.Ng5 Ngf6 6.Bd3 e6 7.N1f3, na hapo akasukuma h6 kumfukuza farasi, akitangulia hatua ambayo ilipaswa kuja baadaye. Farasi hakukimbia, alikula e6. Mfalme wa Kasparov akabaki katikati amebanwa na vipande vyake mwenyewe, hatua ya 19 akasalimu amri, mechi ikaisha 3.5 kwa 2.5. Bingwa wa dunia, hatua 19, kwenye ufunguzi ambao wanasema ni wa wazee.

Na katika mstari huo huo kuna kifo cha haraka zaidi. Ukishacheza farasi d7, nyeupe akaweka malkia e2 (inaonekana hatua ya kijinga, anamzibia askofu wake mwenyewe), wewe kwa mazoea unatoa farasi f6, anaruka d6 na ni chekmeti hatua ya sita, askari wa e7 hawezi kumla maana malkia anamchungulia mfalme nyuma yake. Ndio maana wengi siku hizi badala ya farasi d7 wanatoa askofu f5, au farasi f6 moja kwa moja. Mimi ni wa askofu f5.

Kifaransa ukisahau unapoteza malkia au unabanwa mpaka unakosa hewa. Ule mtego maarufu: nyeupe kasukuma e5, wewe c5, farasi c6, malkia b6, yeye askofu d3, mnabadilishana d4, halafu unaona askari wa d4 kama vile hana mwenyewe. Unakula kwa farasi, anakula, unakula kwa malkia, askofu anaruka b5 cheki na nyuma yake malkia wake anamtazama malkia wako. Kwaheri. Kwanza askofu d7, ndipo unatishia kweli.

Sisilia ukisahau unakufa. Hakuna neno lingine. Hasa Dragon, nyeupe kamficha mfalme upande wa malkia, wewe upande wa mfalme, yeye h4 h5 anafungua safu, ukichelewa zamu moja umekwisha, na yeye akichelewa zamu moja amekwisha yeye. Kuna watu wanapenda hivyo. Mimi moyo wangu hauwezi raundi ya tano saa 10 jioni sijala.

Drafti imetuharibu

Nikae hapa kidogo maana hii ni yetu. Wengi wetu tumetokea kwenye drafti, vizibo vya soda kwenye ubao uliochorwa kwa mkaa, Fanta upande huu Coca upande ule, na kule kula ni lazima, usipokula unalazimishwa na wanaotazama wanapiga kelele. Chesi hakuna anayekulazimisha, lakini mkono umeshazoea. Nyeupe anaacha kitu, tunakula, ndipo tunafikiri.

Ukiangalia hizi tatu kwa jicho hilo, Sisilia ndio inawatesa watu wa drafti kuliko zote. Smith-Morra ni chambo cha askari. Najdorf yenyewe ina mstari unaitwa wa askari mwenye sumu, malkia wako anaenda b6 halafu anakula b2. Fischer alikuwa anaula huyo askari bila wasiwasi, kwenye gemu ya saba ya mechi ya ubingwa wa dunia dhidi ya Spassky, Reykjavik 1972, akala akapata sare. Gemu ya 11 akala tena. Spassky hatua ya 14 akamrudisha farasi wake nyumbani b1, hatua ambayo ungemuona mtoto anaicheza ungemcheka, na malkia wa Fischer akaanza kukosa pa kutokea, hatua ya 31 ikaisha. Fischer alishinda mechi mwishoni 12.5 kwa 8.5, lakini siku ile sumu ilifanya kazi.

Sasa usifikiri Caro-Kann imekuokoa. Mwaka juzi kuna dogo wa form two, begi la shule mgongoni, kanichezea 1.e4 c6 2.d4 d5 3.f3. Nikaona hii ni hatua gani sasa, askari wa pembeni ya mfalme? Nikala e4, akala kwa f, nikasukuma e5 kama inavyotakiwa, akatoa farasi f3, na pale d4 kukawa na askari anayeliwa. Nikamla. Bila hata kuangalia saa. Askofu c4, akaficha mfalme, safu ya f ikawa barabara ya lami moja kwa moja mpaka f7 kwangu, sikufika hatua ya 20. Dogo akanipa mkono akaenda kunywa maji. Usiku nikafungua injini inaniambia ungetoa askofu tu, g4 au e6, uko sawa, nani alikuambia ule.

Ukitaka ushindi na nyeusi

Hoja kubwa ya watu wa Sisilia ni hii, kwamba ndio inapigania ushindi. Nakubali kwa kiasi. Askari hawafanani, wafalme wanajificha pande tofauti, mwenye macho makali anashinda. Ila Sisilia haishindi yenyewe. London 2018, mechi ya ubingwa wa dunia, Carlsen na Caruana, Carlsen na nyeusi anacheza Sisilia, Caruana alianza kumjibu kwa askofu b5, baadaye wakaingia Sveshnikov, gemu zote 12 za muda mrefu zikaisha sare, ya kwanza pekee yake ilienda hatua 115. Ilibidi waamuliwe kwenye gemu za haraka.

Na upande wa pili, hicho Kifaransa cha kuchosha ndicho Ding Liren alichokitoa gemu ya kwanza ya ubingwa wa dunia Singapore, Novemba 2024, dhidi ya Gukesh wa miaka 18, akashinda na nyeusi hatua 42. Mwaka mmoja kabla, 2023 dhidi ya Nepomniachtchi, gemu ya saba, Ding huyo huyo na Kifaransa hicho hicho alibanwa na saa akaharibu, akapoteza hatua ya 37. Ufunguzi mmoja, mtu mmoja, ila mara moja saa ilikuwa upande wake na mara nyingine haikuwa.

Ninayempenda kwenye hili ni Botvinnik. 1960, mechi ya ubingwa, gemu ya kwanza kacheza Kifaransa cha Winawer, Tal akamchapa. Gemu ya tatu mzee keshabadilisha, kaleta Caro-Kann. Mechi alipoteza, Tal alikuwa moto ule mwaka, lakini mwaka uliofuata akarudi na Caro-Kann yake kwapani, Tal akija na e5 yeye anamjibu mara kwa askofu f5 mara kwa c5, akachukua taji 13 kwa 8. Hakubadilisha kwa sababu Kifaransa ni kibovu, ni kwamba Tal alikuwa anataka vurugu na Winawer ina vurugu. Alimwangalia mtu aliyekaa mbele yake.

Nani achukue ipi

Una muda, uko chini ya miaka 20, una mwalimu au kundi la kusoma nalo, kupoteza gemu kumi hakukunyimi usingizi: Sisilia, na anza na majibu ya 2.c3 na Smith-Morra kabla hujagusa Najdorf. Niamini kwenye hilo tu hata kama mengine unayapinga.

Unapenda gemu zilizofungwa, una subira ya kumbana mtu polepole, unajua kwamba ukicheza c5 lazima baadaye uje na f6 kuvunja ukuta, na huogopi kukaa kwenye chumba kidogo kwa muda: Kifaransa. Watu wa Kifaransa niliokutana nao ni wabishi hatari, hawakubali wamebanwa hata wakiwa wamebanwa, na hiyo tabia inalipa pointi.

Wengine wote, na nikisema wengine wote namaanisha sisi tunaosoma chesi kati ya kupika na kulala, Caro-Kann. Hautapata picha nzuri za kuweka status. Utapata mwisho wa gemu wenye askari waliokaa vizuri, mfalme mzima, na mpinzani aliyetumia dakika 10 kutafuta mashambulizi ambayo hayapo.

Halafu kuna hesabu nyingine ambayo mtu akishaanza kushiriki mashindano ndio anaiona, kwamba sio kila mtu atakuchezea e4. Ukikutana na 1.d4, mtu wa Caro-Kann anacheza d5, nyeupe c4, c6 ile ile, wanaiita Slav, umbo analijua tayari. Mtu wa Kifaransa anajibu e6, nyeupe akisukuma e4 amerudi nyumbani, asiposukuma anacheza d5 na maisha yanaendelea. Mtu wa Sisilia inabidi akajenge nyumba nyingine kabisa kwenye kiwanja kingine, King's Indian au chochote, na bando ni lile lile.

Mimi wiki hii nasoma 3.f3 peke yake. Jibu nililochagua ni e6, sili kitu, natulia, nasubiri. Dogo sasa hivi yupo form four na nasikia Jumamosi anakuja.